Niliandika Kwamba Anakaa

Jumatatu, Koboko. Msimu wa mvua, 1991.

Mvua imeanza alfajiri na haikukatika mpaka saa nne. Nilidhani akina mama hawatakuja kliniki. Wamekuja, tope hadi magotini, na watoto hawajalowa hata kidogo migongoni mwao. Sijui huwa wanafanyaje.

Nimechoka, lakini sina usingizi. Nimechoka kama mtu aliyebeba gunia la mihogo kutoka shamba la mbali na sasa amelitua. Bega bado linauma, ila gunia liko chini.

Majuma matatu sijaandika neno humu. Nilikuwa naogopa kuandika uongo mwingine. Leo naweza kuandika, basi niandike tangu mwanzo.

Kazi yangu ni kupima watoto wadogo. Mimi ni msaidizi wa muuguzi tu, lakini hapa wananiita Sista, nami nimezoea. Kila Jumatatu natundika mizani kwenye boriti ya baraza, natia watoto mmoja mmoja kwenye ile suruali ya turubai, wanalia, nasoma kilo, naweka nukta kwenye kadi. Mstari ukipanda, mama anacheka. Ukishuka, tunakaa chini tuzungumze.

Lakini kilo peke yake haitoshi. Hilo nilifundishwa kule Zaire, tulipokuwa wakimbizi, na mkunga mmoja mkali ambaye hakutuachia tuandike kitu tusichokiona kwa macho. Mtoto anaweza kunenepa na bado ana shida. Kwa hiyo nina vitu vyangu kwenye kapu: kibuyu chenye punje za mahindi ndani, nakitikisa nyuma ya sikio nione kama mtoto atageuka, kitambaa chekundu, nione kama macho yanakifuata, kikombe cha bati, nafunika nacho kipande cha muhogo nione kama atakitafuta. Anatabasamu? Anashika kichwa? Anakaa? Anasimama akishikilia? Anaita mtu? Naandika yote kwenye kadi.

Naandika kwa kalamu moja. Kalamu hiyohiyo ndiyo niliyoandikia uongo kwenye kadi ya binti yangu.

Anaitwa Ayikoru. Jina alimpa mama yangu kule kwetu Ayivu, maana yake ni furaha. Nyumbani tunamwita Ayiko. Ana miezi kumi na minne. Nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, na alipotoka hakulia. Walimsugua mgongo, wakamsafisha pua, wakamsugua tena. Nilikuwa nimelala pale nahesabu. Nilijua kila dakika ile ina maana gani, maana ni mimi ninayewaambia wengine. Alipolia hatimaye nilijiambia: amelia, basi yameisha.

Hayakuisha.

Miezi minne ilifika, mkono wake wa kushoto ulikuwa bado ngumi. Miezi sita, nikimvuta akae, miguu ilikakamaa na kupishana kama mkasi. Mtoto wa mwanamke mwingine angekuwa hivyo ningemwambia siku ileile: nenda Arua, usingoje. Kwa Ayiko nilisema ana baridi. Nilisema ni mvivu kama shangazi yake. Miezi tisa ilipofika, nilikaa kitandani na kadi yake juu ya goti, nikaandika: Anakaa.

Hakuwa anakaa. Ukimwachia, alianguka upande wa kushoto kama mfuko wa unga.

Kwa nini niliandika? Nimejiuliza sana. Sehemu moja ni aibu. Hapa wote wananitazama mimi. Mwanamke anayepima watoto wa Koboko nzima, wake mwenyewe ana kasoro, watasema nini? Lakini aibu si yote. Niliona kwamba nikiandika "hakai", basi itakuwa kweli. Isipoandikwa, labda bado haijawa.

Ujinga gani ule, na mimi ndiye niliyesomea.

Jumatatu mbili zilizopita alikuja mwanamke anaitwa Hadija. Alitembea kutoka upande wa Oraba, karibu na mpaka wa Sudan, na mtoto wake Musa, naye wa miezi kumi na minne. Baraza lilikuwa limejaa. Hakungoja nimwite pembeni. Alisimama mbele ya wote akasema, "Sista, mutoto yangu hapana kaa. Watu nasema ngoja. Mimi nachoka kungoja. Angalia yeye."

Nilimwangalia. Musa alikuwa mwembamba sana, surua ilikuwa imempitia. Lakini macho yalifuata kitambaa, sikio lilisikia kibuyu, na nilipofunika muhogo aliangusha kikombe akautia mdomoni kabla sijaandika. Mikono yote miwili ilikuwa na nguvu za kunivuta hereni. Miguu ilikuwa laini. Alikuwa na njaa, na tangu augue hakuwahi kushushwa chini. Mama alimbeba mchana kutwa kwa huruma.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia asimpe uji wa muhogo mtupu, atie karanga zilizosagwa au ufuta, simsim kama tunavyouita hapa, maharage yaliyopondwa, dagaa wakipatikana, na amlishe mara tano, sita kwa siku, kidogo kidogo. Nilimwambia atandike mkeka, amweke chini, acheze naye hapo. Arudi baada ya majuma mawili.

Alifunga mtoto mgongoni. Halafu akaniuliza, kama wanawake wanavyoulizana, "Na yako, Sista? Iko miezi ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kama hii yangu. Inatembea?"

Nikasema, "Karibu."

Neno moja tu. Alifurahi kwa ajili yangu, akanishika mkono, akaenda zake na tope lake na safari yake yote ile ya miguu. Nilibaki nimeshika kalamu na nikashindwa kumwita mtoto anayefuata.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu, Abiba, ameketi nyuma ya jiko. Mchana yeye ndiye anayekaa na Ayiko. Pembeni yake alikuwa amechimba shimo dogo ardhini, kimo cha kiuno cha mtoto, akatandika blanketi kuukuu ndani. Ayiko alikuwa ndani ya shimo lile, amekaa wima, kingo zimemshika pande zote, anacheka na kuku.

Shimo halikuwa jipya. Kingo zake zilikuwa zimelainika. Alikuwa akimkalisha pale siku nyingi, kila siku nikiwa kazini, na kabla sijarudi anafunika kwa ungo. Siku ile aliliacha wazi makusudi.

Nilisimama. Yeye hakunitazama, aliendelea kuchambua simsim.

"Mama Ayiko," akasema, "wewe napima watoto ya watu. Hii moja hapana pima. Mimi nangoja wewe naona. Wewe hapana taka ona."

"Nimeona, mama."

"Siku gani?"

Niliinama nikamtoa Ayiko shimoni.

"Kama naona, peleka," akasema. Basi.

Alhamisi yake tulipanda pikapu kwenda Arua, mimi na Ayiko, juu ya magunia ya tumbaku. Barabara ilikuwa mbaya, mara mbili tulishuka ili isukumwe. Nilikuwa nimeificha kadi ndani ya kitenge, na njia nzima nilifikiri kuiacha idondoke kwenye tope. Ningesema imepotea. Kadi hupotea kila siku, nani angejua? Niliishika mpaka tukafika.

Hospitali ina mama mmoja anayeshughulikia viungo vya watoto. Ni mwanamke mnene wa Kilugbara, sauti ya kiume, viatu vya mpira. Anaitwa Madam Driciru. Alinyoosha mkono kabla hata sijaketi. "Kadi."

Nilimpa. Akasoma. Akamtazama Ayiko, aliyekuwa ameegemea titi langu na kichwa kimelala upande. Akasoma tena.

"Hapa naandika miezi tisa, anakaa. Nani iliandika?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Ni mama yake. Na ni msaidizi wa muuguzi. Napima watoto Koboko."

Ningependa anigombeze. Akauliza tu, kwa Kilugbara sasa, kwa sauti ya chini: kwa nini? Nikasema niliogopa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu hilo mara nyingi, akanipa kalamu yake. Nilikata neno lile kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: Hakai. Mkono wangu ulitetemeka mpaka herufi zikawa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha akavua viatu, akaketi kwenye mkeka na mwanangu kwa muda ambao sijawahi kumpa mtoto yeyote kwenye baraza langu. Alimlaza chali, kifudifudi, ubavu. Alimvuta taratibu kwa mikono atazame kichwa kinavyofuata. Aliita jina lake kutoka kila upande. Ayiko aligeuka kila mara. Alificha uso kwa kitambaa na Ayiko akakivuta kwa mkono wa kulia, akacheka kwa sauti.

"Akili iko," akasema. "Masikio iko. Macho iko. Hii mutoto najua mutu."

Akaniambia yaliyobaki bila kuyapaka asali. Ubongo wa Ayiko uliumia alipozaliwa, kwa kukosa hewa. Hakuna aliyemroga, wala haitokani na kitu nilichokula. Hakuna dawa ya kuliondoa jeraha lile, wala halitaongezeka. Upande wa kushoto utakuwa mzito maisha yake yote. Atakaa, hilo anaamini. Kutembea, huenda, akichelewa, na akichechemea. Hakuahidi.

Nikauliza kama ningemleta akiwa na miezi sita ingekuwa tofauti.

"Kidogo," akasema. "Mimi hapana danganya wewe. Hiyo miezi hapana rudi. Ile ya mbele ndiyo iko mukononi yako."

Nililia hapo. Aliendelea kumchezesha Ayiko mpaka nilipomaliza, halafu akanifundisha. Ngumi usiivute kwa vidole: pasha mkono joto, kunja kifundo taratibu, fungua kidole gumba kutoka kwenye shina lake, na vingine vitafuata. Mbebe kiunoni, mapaja yapanuke, siyo miguu imebanana. Mlishe akiwa wima. Mlaze kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa ili mikono ijifunze kusukuma ardhi. Kila kitu anachokipenda kiweke upande wa kushoto, ili aufahamu kwamba upo. Na zungumza naye kutwa nzima, mwambie unachofanya, hata kama ni kuosha sufuria.

Nilimweleza habari za shimo la nyuma ya jiko. Alinyanyua uso.

"Nani ilichimba?"

"Mama mkwe."

"Ambia yeye asante. Ambia naongeza kibao mbele, pa kuweka vitu ya kucheza."

Alisema turudi kwake kila baada ya majuma mawili; safari ya pili ni Alhamisi ijayo.

Mume wangu, Rashid, ni dereva wa lori, huwa nyumbani mwisho wa juma. Jumamosi ile nilimwambia yote, na sikuacha habari ya kadi. Nilidhani atauliza juu ya ubongo. Aliuliza, "Mbona hukuniambia mimi?" Nilisema sikumwambia hata Mungu. Alitoka nje akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji, rundo zima. Aliporudi alinawa mikono, akanyoosha ya kwake ile mikubwa yenye grisi kwenye kucha, akasema nimwonyeshe ngumi inafunguliwaje. Ayiko alipiga kelele mara ya kwanza. Mara ya tatu alimwachia.

Bado ana hasira nami, nafikiri. Ana haki.

Mama mkwe alipata kibao chake. Nilipomweleza nilichoandika akasema anajua kusoma uso, kadi hana haja nayo. Kisha akaniambia nimshike Ayiko vizuri, namkunja kama nguo.

Sasa leo.

Nilikuwa nimeamua tangu jana. Nilimbeba Ayiko kiunoni nikaja naye kliniki, kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa wa kutazamwa. Wanawake walikuwa wamejaa barazani kwa ajili ya mvua. Hadija alikuwemo. Musa amepanda nusu kilo na robo, na alikuwa amekaa chini peke yake, kama mzee wa baraza, anakula ukurasa wa daftari la mtu.

Kabla ya kupima nilitandika mkeka katikati, nikamweka Ayiko mapajani mwangu na kuwaambia. Nilisema huyu ni mwanangu, ana miezi kumi na minne na nusu, hakai peke yake, na mkono huu haufunguki vizuri. Niliwaambia nilijua tangu alipokuwa na miezi minne. Niliwaambia niliandika uongo kwenye kadi yake, mimi ninayewaandikia zao. Nikamtazama Hadija nikasema, "Wewe nilikwambia karibu anatembea. Nilikudanganya."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, ilinibidi niyaseme haya kwa sauti kubwa. Labda ilisaidia.

Mmoja alitazama miguu yake. Hadija alinyanyuka, nikadhani anaondoka. Akaja akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mikono.

"Leta mimi nashika," akasema. Akampokea, akamweka kiunoni mapaja yakiwa yamepanuka, bila mimi kumwambia, maana ndivyo alivyombeba Musa siku zote. "Ni nzito," akasema. "Nakula vizuri."

Basi nikawaonyesha. Nilionyesha ngumi, nilionyesha blanketi lililokunjwa, niliwaambia alama za kutazama kwa watoto wao na miezi ya kuzitazama. Waliuliza maswali mengi kuliko siku yoyote. Mmoja aliuliza kama degedege la malaria linaweza kufanya hivi. Nikasema linaweza, na kwamba homa haingoji Jumatatu.

Katikati ya maneno hayo nilimwona mwanamke mmoja anaamka, anamchukua mtoto wake mchanga na kutoka mvuani haraka, hata zamu yake haijafika. Anauza mandazi karibu na kituo cha pikapu, namfahamu kwa uso. Nikajiambia, huyo nimemchukiza. Atakwenda kusema Sista mwenyewe hajui kulea.

Mvua ilikwisha. Tulipima. Nilikuwa nafungua kamba ya mizani niondoke aliporudi.

Mtoto mchanga alikuwa amemwacha mahali. Mgongoni alibeba kitu kirefu kilichofunikwa kwa kitenge chote, kichwa na yote, kama watu wanavyobeba mzigo wasiotaka uonekane. Alisimama mlangoni mpaka wengine wote walipoondoka. Ndipo akafungua.

Alikuwa msichana. Miguu yake mirefu ilining'inia, imekakamaa na kupishana kama ya Ayiko, ila zaidi. Shingo laini. Ngozi imepauka kwa kukosa jua. Macho makubwa, na yalinifuata nilipokaribia.

"Hii iko na miaka mine," mama yake akasema. "Mimi nazaa yeye Zaire, kwa kukimbia. Mutu hapana ona yeye, ila sisi ya nyumbani."

Niliuliza wanakaa wapi. Alinyoosha kidole. Ni nyuma ya msikiti, nyumba yenye ua wa matete. Napita pale asubuhi na jioni, miaka mitatu sasa. Nimewahi hata kunywa chai nje ya ua ule.

Niliuliza jina. "Dawa," akasema, na mtoto aliposikia jina lake alifungua mdomo akatoa sauti, ndefu, kama anayeitika.

Nilitandika mkeka tena. Nilivua viatu. Sikuwa na haraka. Kichwa hakishiki, lakini kibuyu alikisikia pande zote mbili. Kitambaa alikifuata. Ana uzito wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na hiyo kwa sehemu ni kwa sababu analishwa amelala chali na nusu ya uji inampalia. Kwa hilo tunaweza kuanza leo, nikamwambia mama yake, na tulianza: tulimkalisha wima mapajani mwake, kichwa kimeegemea mkono, nikamlisha vijiko saba vya uji mzito wa karanga uliokuwa wa chakula changu. Hakupaliwa hata mara moja. Mama yake alikuwa anahesabu vijiko kwa sauti.

Sijui Dawa atafika wapi. Miaka minne ni mingi, na sitamdanganya mama yake kama nilivyojidanganya. Alhamisi ijayo tunakwenda Arua, sisi wanne kwenye pikapu moja. Nimekwisha kumwambia dereva.

Nilichukua kadi mpya. Mahali pa jina nikaandika Dawa. Mahali pa kijiji nikaandika Koboko mjini, nyuma ya msikiti. Kwenye nafasi ya "mara ya kwanza kuonwa" niliandika tarehe ya leo, na kalamu haikutetemeka.

Kama yupo mmoja nyuma ya msikiti, wapo wangapi kuelekea sokoni? Wangapi njia ya Oraba? Wote hawa hawaji kwenye mizani, na mimi nimekaa barazani miaka mitatu nikisubiri waje.

Kesho si siku ya kliniki. Nitaweka kapu kwenye baiskeli, nitamfunga Ayiko mgongoni, na nitaanza na nyumba ya kwanza baada ya msikiti. Nitabisha, nitasalimu, nitaomba maji ya kunywa. Nitawaonyesha mwanangu kwanza.

Halafu nitauliza kama kuna mtoto mwingine ndani.